Mrija wa Matanga

Askari wa kizuizi alimpa Bupe kijiti cha plastiki, akamwambia akitemee mate. Bupe akatema. Kijiti kikatiwa mashineni, mashine ikanguruma kidogo, kisha taa yake ikawaka zambarau. Askari akaitazama taa, akamtazama Bupe, akaitazama taa tena. Kijani aliijua: pita. Nyekundu aliijua: rudi ulikotoka, na ukileta ubishi utasindikizwa. Zambarau hakufundishwa.

"Mama, una nini wewe?" akauliza, huku akirudi nyuma.

"Nina mpangaji," Bupe akasema, akanyoosha mkono wenye bangili ya kibali. "Piga namba hiyo. Utaelezwa."

Aliyepokea alikuwa Daktari Komba, mkuu wa Bupe kule Taasisi. Sauti yake ilitoka kwenye bangili ikiwa imekwisha kukereka kabla hata ya salamu.

"Kijana, mpitishe. Huyo ana ugonjwa mzuri."

"Ugonjwa mzuri," askari akarudia polepole.

"Ndiyo. Usiogope, hauruki hewani. Asile wala kunywa chombo kimoja na mtu, asibusiane na mtu, na jioni awe amerudi hapo kwako. Masharti hayo aliyaandika mwenyewe, kwa hiyo asikwambie ameyasahau."

Askari akainua mti wa kizuizi, akiwa ameziba pua kwa kiganja. Bupe akapita na gari lake la umeme, akaanza kupanda kuelekea Rungwe. Mvua ilikuwa ndiyo kwanza imekatika, na videge vya doria vilizunguka juu ya mashamba ya chai, vikishuka kila vilipoona watu wamekusanyika.

Komba hakupenda maneno "ugonjwa mzuri" yaandikwe popote, lakini alipenda kuyasema. Ugonjwa mbaya ulikuwa homa ya kimya. Virusi vyake havikujishughulisha na mapafu wala ini. Viliwaendea walinzi wenyewe, zile seli za damu ambazo kazi yake ni kuwasaka wavamizi mwilini na kuwaua. Seli ya ulinzi ina vipokezi juu ya ngozi yake, vijidude vya protini vilivyochomoza nje mithili ya vitasa vya mlango, na kwa vipokezi hivyo ndipo hupata habari: nenda mapafuni kuna shida, au kaa hapohapo, bado hapajatulia. Kirusi cha homa ya kimya kilikuwa na ufunguo wa kitasa kimoja. Kikikishika, seli hujifungua yenyewe, ikidhani imepokea habari. Humo ndani kirusi hujinakili mpaka mlinzi apasuke, na watoto wa kirusi watoke kutafuta walinzi wengine. Mgonjwa haumwi kitu kwa majuma kadhaa, ndiyo maana homa ikaitwa ya kimya. Halafu siku moja anakufa kwa mafua, au kwa kuchomwa na mwiba.

Bupe na Komba walitengeneza kirusi kingine chenye ufunguo uleule. Hiki kiliingia kwa mlango uleule, kikakaa bila kuvunja kitu, na kazi yake ya kwanza ikawa kuvivuta vitasa ndani ili asiingie mwingine. Tabia hiyo hawakuibuni wao. Virusi kadhaa vya asili huifanya, maana navyo havipendi kubanana. Wao waliichukua tabia, wakaondoa ukatili, wakakiita Mpangaji. Kiliishi mateni na kuhama kutoka kinywa hadi kinywa, na hapo ndipo kisa kilipoanzia. Dawa ya kumeza unampa anayeitaka. Mpangaji ukimpa mmoja umempa mkewe, watoto wake, na jirani anayeazima kikombe, na hao hawajasema wanataka. Kwa sababu hiyo Bupe na wenzake wachache waliojitolea walikuwa wakiishi ndani ya uzio wa Taasisi, kila mtu na kijiko chake, wakisubiri Kamati ya Maadili iamue. Kamati ilikuwa ikisubiri Wizara. Wizara ilikuwa ikisubiri kamati.

Baba yake Bupe alifariki kwa uzee wakati wote hao wakisubiriana. Kibali cha kumzika kilitoka akiwa amekwisha kuzikwa. Kilichobaki kilikuwa siku ya kuanua matanga.

*

Alikwenda kwanza kaburini, nyuma ya migomba, akasimama pale bila kulia. Alikuwa amekwisha kulia kule Taasisi, chumbani peke yake, na sasa alijisikia mkavu. Aliporudi uani shangazi yake Sekela alimwona, akaacha ungo wake chini, akaja mbio na mikono imefunguka.

"Ndaga, asante mwanangu! Ndaga! Umekuja."

Bupe akakumbatiwa. Aliugeuza uso pembeni, shavu likaangukia bega la shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mbona unanikwepa hivyo?"

"Nina mafua."

"Mafua ndiyo ya kunikwepa mimi niliyekufyonza kamasi kwa mdomo wangu ukiwa mchanga?" Sekela akacheka, akamshika mkono, akamkalisha jikoni karibu na moto kama vile ana miaka saba.

Sekela ndiye aliyemlea, mama yake alipofariki. Bupe alimpenda kuliko mtu yeyote aliye hai, na hakuwahi kumwambia, maana kwao mambo hayo hayaambiwi mtu. Badala yake alimletea vitu: blanketi, miwani, jiko la umeme ambalo Sekela alilifunika kitambaa na kuliwekea maua juu. Na mwaka juzi alimpeleka mjini kupigwa picha ya kifua.

Picha ilionyesha kovu kwenye pafu la kulia. Kifua kikuu cha zamani, cha ule ukoo mbaya uliozizoea dawa zote, kimelala. Sekela alikipata akiwa binti, alipokuwa akipikia wachimbaji kwenye kambi ya makaa ya mawe. Hakikupona, kilizingirwa. Seli za ulinzi zilikizunguka kile kidonda zikakaa hapo, zamu kwa zamu, maisha yake yote, na kilichoziweka hapo kilikuwa habari iliyopitia kitasa kilekile. Kaa hapohapo, bado hapajatulia. Mpangaji akiingia kwa mtu wa namna hiyo na kuvuta vitasa ndani, walinzi hawapati tena habari. Wanaondoka. Kwenye maabara Bupe alikwisha kuona panya wa namna hiyo, na hakuna aliyevuka mwezi wa pili.

"Usimwambie mtu," Sekela alimwambia siku ile ya picha, wakiwa bado kwenye ngazi za hospitali. "Nimepikia watu wa bonde hili miaka yote. Watasema niliwalisha kifua." Bupe akala yamini, na kwa kuwa yule alikuwa shangazi yake, akakitunza kiapo.

Nje uani watu walipasuka kicheko. Bupe akachungulia. Mzee Nsajigwa, rafiki wa marehemu na mtani wake wa miaka, alikuwa amevaa koti la marehemu, lile la kijivu lenye kifungo kimoja, akitembea kwa mwendo wa marehemu, tumbo mbele na mikono nyuma. Ndivyo watani wanavyofanya msibani, na aliyefiwa anapaswa kucheka hata kama moyo hautaki.

"Mimi nimekufa," Nsajigwa akatangaza kwa sauti ya marehemu, "na huyu mwizi Nsajigwa amechukua koti langu kabla sijapoa! Kule kambini aliniibia godoro, kila usiku anavuta upande wake. Tulikuwa tunakohoa kwa zamu, yeye usiku, mimi mchana, ili mmoja wetu apate usingizi!" Akakohoa kikohozi cha marehemu, kirefu, cha kukatakata, mpaka kina mama wakashika mbavu.

Bupe naye akacheka, machozi yakamtoka. Kilikuwa kikohozi chenyewe hasa.

*

Bangili ilimtetemesha mkono saa za mchana, mikeka ikitandikwa. Akaingia migombani, akapokea.

"Uko peke yako?" Komba akauliza. Sauti yake haikuwa na kero safari hii, na hilo ndilo lililomtisha Bupe.

"Ndiyo."

"Homa imeonekana huko kwenu. Ng'ambo ya mto. Walipima mama mmoja muuza ndizi, halafu wakapima wenzake wa gulioni. Karibu wote wanayo."

Gulio lile lilikuwa la bonde zima. Shangazi Sekela alikuwa akinunua chumvi pale. Ulezi wa pombe ya leo ulitoka pale.

"Jioni wanafunga daraja," Komba akaendelea. "Wewe utatolewa, una kibali. Wengine watabaki humo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka iishe."

Bupe hakuuliza iishe nini. Mahali pengine palipofungwa aliwahi kupaona kwenye ramani za Taasisi, na baadaye ramani zilichorwa upya bila majina ya vijiji.

"Mlete Mpangaji," akasema. "Leo. Na watu wa kueleza, na mashine ya picha za kifua, tuwatenge wenye makovu. Wanaotaka wapewe."

"Kamati inakaa mwezi ujao."

"Basi iambie ikae leo!"

"Nimeiambia. Wamesema wamepokea." Komba akashusha sauti. "Bupe, mimi sikutumi kitu. Sikia vizuri, sikutumi. Lakini wewe uko msibani kwenu, na ninajua watu wa kwenu wanavyokunywa. Mtu akijisahau, hakuna kamati duniani itakayomfunga mfiwa."

"Hawajaulizwa, Daktari."

"Na homa ya kimya imewauliza?"

"Hiyo haina akili. Mimi ninayo. Kuna wenye vifua. Wachache, lakini wapo. Hao tutakuwa tumewaua sisi."

"Na wengine wote watakuwa wameuawa na kanuni yako. Chagua kifo unachopenda kukiandikia ripoti." Akakata simu.

Bupe alibaki migombani, maji ya majani yakimdondokea kisogoni. Kanuni ilikuwa yake kweli. Aliigombania mbele ya watu wazima wenye tai mpaka wakaipitisha: asipewe Mpangaji mtu ambaye hakuambiwa na hakukubali. Aliiamini, na hata sasa aliiamini. Ila alijua vilevile, na hili alilisema moyoni bila kulizungusha, kwamba nusu ya imani hiyo ilikuwa kovu moja la upande wa kulia, na kwamba kama kovu lile lingekuwa la mtu asiyemjua, huenda angemsikiliza Komba kwa muda mrefu zaidi.

Akakata shauri. Matanga yaanuliwe kwanza kwa heshima. Halafu, kabla watu hawajatawanyika, atasimama aseme yote: homa, daraja, Mpangaji, na vifua. Atakayetaka atamfuata. Kwa sasa mate yake yatabaki kinywani mwake.

*

Kimpumu ni pombe ya ulezi, nzito kama uji, inayokaa chunguni na kumiminiwa maji ya moto watu wakiendelea kunywa. Hainywewi kwa kikombe. Hunywewa kwa mrija, na katika ukoo wao chungu cha matanga kina mrija mmoja tu. Anaanza mtoto wa kwanza wa marehemu. Anafuata aliyevaa koti. Halafu mrija unazunguka mkeka wote, wanaume na wanawake, mpaka kwa dada wa marehemu, ambaye ndiye anayemaliza. Huko huitwa kumnywa marehemu, na asiyenywa ana kisa naye. Na anayerukwa, basi ukoo ndio wenye kisa naye, na watu watakwenda nacho nyumbani wakikitafuta kilikuwa kisa gani.

Bupe alikuwa kifungua mimba. Asajile, mdogo wake, aliuchomeka mrija chunguni, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Dada. Mnywe baba."

Kukataa hakukuwezekana. Alikwisha kupanga atakavyofanya: midomo ifungwe, mashavu yaingie ndani, koo lipande na kushuka. Wanafunzi wake wa maabara wasingegundua, sembuse wafiwa. Akainama, akaugusa mrija, akaigiza. Mashavu yakaingia. Koo likapanda, likashuka. Kina mama wakapiga vigelegele vya chini, vya msibani.

Sasa, kimpumu kina makapi, na makapi huziba mrija. Kila mtoto aliyekulia kwenye bonde lile amefundishwa, kwa kupigwa konzi kichwani, kwamba humpi mwenzako mrija ulioziba. Ukimaliza unapuliza. Unapuliza kwa nguvu mpaka usikie chungu kinabubujika, ndipo unapompa mwingine. Bupe alifundishwa hivyo na shangazi Sekela kabla hajajua kusoma. Alikuwa amesafiri nchi ngapi, amesomea virusi miaka ishirini, ameandika masharti ya mate kwa mkono wake, na mkono huohuo ukashika mrija, mdomo ukafunguka, akapuliza.

Chungu kikabubujika.

Aliisikia sauti ile kwanza, ndipo akajua ni yeye. Nsajigwa alikwisha kuuchukua mrija.

"Lete hapa, mimi marehemu nina kiu!" akasema Nsajigwa, akanywa kwa mvuto wa marehemu, ule wenye mlio mrefu mwishoni, watu wakacheka sana. Akapuliza, akampa Asajile.

Bupe alitazama maji ya moto. Birika lilikuwa pembeni ya mafiga na kuni zilizolowa mvua zilikuwa zimezimika, kwa hiyo yaliyomiminwa chunguni yalikuwa vuguvugu. Na Mpangaji hasumbuliwi na uvuguvugu. Komba alisisitiza hivyo wakati wa kumtengeneza, akisema watu wa nchi hii wanaishi ndani ya chai.

Asajile akanywa. Mke wake akanywa. Jirani wa upande wa chini akanywa.

Angeweza kusema wakati huo. Ilikuwa kiasi cha kufungua kinywa, au kukisukuma chungu kwa mguu kikamwagika, akaonekana kichaa, basi. Hakufanya. Baadaye alijaribu kukumbuka alifikiri nini, akagundua kwamba hakufikiri sana. Alikuwa akiona nyuso. Huyu gulio, huyu gulio, huyu ana watoto wanaokwenda kuchota maji ng'ambo ya mto. Kila mrija ulipomfikia mmoja wao, kitu fulani kifuani mwake kiliregea, kikasema huyo sasa homa haitamwingia. Ilikuwa afueni. Aliionea haya hiyo afueni, lakini aliendelea kuipata, mtu baada ya mtu, akajitia hamnazo.

Mrija ukafika kwa shangazi Sekela. Sekela aliuinamia kwa adabu, akafumba macho, midomo yake ikitamka jina la kaka yake bila sauti.

Bupe akamshika mkono.

Hakumbuki kuvuka mkeka. Alijikuta amepiga magoti mbele ya shangazi, amembana kifundo cha mkono, na mrija umening'inia kati yao ukidondosha pombe kwenye kanga.

"Usinywe, shangazi."

Sekela akafumbua macho. "Nini?"

"Usinywe tu. Tafadhali."

"Niachie mkono, mwanangu. Ninamnywa kaka yangu."

"Dada, unafanya nini?" Asajile akasimama. Minong'ono ikaanza kwa kina mama wa nyuma, na Sekela aliisikia. Uso wake ukabadilika. Bupe hakuwahi kumwona shangazi yake akiogopa watu.

"Watu wote wamekunywa," Sekela akasema. "Wote. Mimi ndiye dada yake, nimekosa nini? Unataka hawa waende wakaseme nilimroga?"

"Hapana, shangazi."

"Basi sema! Mbele yao, sema ni kwa nini mimi tu."

Akasema. Alisema yote, akiwa amepiga magoti, kwa maneno mepesi aliyoyaandaa kwa ajili ya hotuba nyingine. Kwamba homa ya kimya ipo gulioni na jioni daraja linafungwa. Kwamba yeye amebeba kirusi kingine, kisichoua, kinachoufunga mlango homa isiingie. Kwamba alipuliza mrija bila kukusudia, na sasa wote waliokunywa wanacho, na homa haitawapata.

"Ulipuliza bila kukusudia," Asajile akasema. "Sawa. Mrija umezunguka mkeka mzima, dada. Ulikuwa umekaa hapo."

"Ndiyo."

"Ungetuuliza, nadhani ningekubali. Watoto wangu wanakwenda gulioni." Alikuwa haulizi, wala hagombi. Alikuwa kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka mzigo. "Lakini hukutuuliza."

"Sikuwauliza."

"Na shangazi?"

Bupe akamtazama Sekela. Alikuwa amekula yamini. Sekela akafanya lile ambalo alikuwa amelikwepa tangu usichana wake.

"Nina kifua," akawaambia watu wake. "Cha kule kambini, cha makaa. Huyu alinipiga picha. Kimelala tu, hakijatoka kumpata mtu, Mungu shahidi." Kisha akamgeukia Bupe. "Ndicho?"

"Ndicho. Mpangaji akiingia kwa mwenye kovu la namna hiyo, kifua kinaamka. Na hakuna dawa yake. Ningewaambia wote. Nilipanga niwaambie baada ya chungu."

Sekela akaushusha mrija taratibu, akauegemeza ukingoni mwa chungu. Hakuna aliyesogea kuuchukua. Kwa mbali kidege cha doria kilishuka, kikazunguka juu ya ua, kikaona watu wamekaa kwa utulivu, kikaondoka zake.

"Bupe."

Alikuwa mzee Nsajigwa. Alisema kwa sauti yake mwenyewe, na ilichukua muda watu kutambua kwamba siku nzima walikuwa hawajaisikia.

"Baba."

"Mimi na baba yako tulilalia godoro moja kule kambini. Shangazi yako ndiye aliyekuwa akitupikia. Sisi hatukupigwa picha." Akajigusa kifua, upande wa kulia, juu ya kifungo kile kimoja. "Mbona mimi hukunishika mkono?"

Mtu mmoja huko nyuma akacheka, kwa mazoea, kisha akajikatiza. Nsajigwa alivua koti la marehemu, akalikunja, akaja akaliweka magotini mwa Bupe, akakaa mkekani mbele yake kusubiri jibu.